Otoskopu ya simu

Otoskopu ya simu ni kifaa chenye taa na lenzi kinachounganishwa na simu janja ili kuonyesha kiwambo cha sikio kwenye kioo cha simu na kuhifadhi picha yake. HearScope ya Afrika Kusini ni mfano mmojawapo. Katika matibabu ya dharura thamani yake kubwa ni kwamba alichokiona mmoja huweza kuonwa na mwingine. Mtoto wa Mabatini, kata ya wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, anaweza kupokelewa usiku na tabibu ambaye hana bingwa wa masikio karibu, ilhali bingwa huyo yuko Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda.

Wapo wasemao kifaa hiki ni anasa. Hoja yao ina uzito: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa watoto chini ya miaka mitano hauhitaji otoskopu. Tabibu huuliza kuhusu maumivu na usaha, hutazama, kisha hupapasa nyuma ya sikio. Usaha wa siku 14 au zaidi huhesabiwa kuwa sugu, na tiba yake ni kukausha sikio kwa utambi na kutia dawa ya matone. Lakini kwa mwongozo huohuo, maumivu peke yake yanatosha mtoto kupewa antibiotiki, hata kama chanzo ni nta iliyoganda, punje ya maharage au jino bovu. Hapo ndipo picha inapookoa dawa: kiwambo kizima hung'aa kijivujivu, chenye uambukizo mkali huwa chekundu na kimevimba kwa nje.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha hudanganya. Kweli, haionyeshi kama kiwambo kinatikisika, na nta au usaha huficha kila kitu. Picha ya namna hiyo iandikwe "kiwambo hakikuonekana", kamwe isiandikwe "sikio zima". Ustadi wa mkono bado unahitajika: sikio la mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma, la mtu mzima juu na nyuma, na ncha husafishwa kwa kila mgonjwa. Picha nayo ni taarifa ya mgonjwa, inalindwa na sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, hivyo haifai kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Na mtoto mwenye uvimbe unaouma nyuma ya sikio asisubirishwe picha: apewe rufaa mara moja.