Nakshi na Chale katika Mishumaa ya Nta

Kila mtu ajua kwamba nchi ya Manyoni ni nchi ya nyuki. Lakini asali ikisha kukamuliwa, ni wachache wanaouliza habari ya nta. Zamani za Wadachi nta ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizotoka nchi hii kwenda Ulaya. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ikiwa imepita hapa Kintinku, mizigo iliyokuwa ikichukuliwa na wapagazi ikapata gari. Nta ilikwenda haijafanyizwa kitu. Mishumaa iliyoletwa madukani ilikuwa ya stearini na parafini, laini kabisa, haina alama ya mkono wa mtu. Hata leo wengi wetu twadhani kwamba mshumaa mwema ni ule ulio laini. Nataka kuonyesha kwamba sivyo.

Kwanza tuitazame lugha. Mshumaa, kandili, kalibu na nakshi, yote ni maneno yaliyotujia kwa Kiarabu, kwa njia ya pwani. Lakini neno chale, yaani mikato ya kuchanja, na neno ukili, yaani ukindu uliosukwa kwa kushona mkeka, mafundi wetu huyajua bila kufundishwa na mgeni. Basi aliyekwisha kuchora kibuyu au kusuka ukili ana nakshi za mshumaa mkononi mwake tayari.

Kazi yenyewe ni hii. Nta huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa maana ikipata moto mkali yaweza kuwaka. Humiminwa katika kalibu yenye utambi katikati. Kalibu ikiwa baridi, nta huganda upesi ubavuni, na mshumaa hutoka una mikunjo kama mawimbi. Ikiwa vuguvugu, hutoka laini. Ukiutoa ungali na joto kidogo, uviringishe juu ya mkeka, nao utachukua sura ya ukili. Ukipoa, waweza kuuchanja chale kwa ncha ya kisu.

Lakini kuna kiasi. Nilipowafundisha wanafunzi wangu mara ya kwanza, niliwaacha wachanje kwa kina wapendavyo. Mishumaa ilipendeza sana mchana. Usiku ukuta wa nta ulipasuka penye chale, nta ya moto ikamwagika mezani, na utambi ukabaki uchi. Kosa lilikuwa langu. Mshumaa mnene ndio ufaao kwa nakshi, na chale zisiukaribie utambi.

Nyuki nao wana nakshi yao. Mwaka 1857 Mjerumani Johannes Mehring alibuni namna ya kupiga mabapa ya nta alama za vyumba vya nyuki, ili yatiwe mizingani. Bapa kama hilo likiviringwa juu ya utambi, huwa mshumaa wenye pembe sita sita mwili mzima.

Tena alama katika nta yaweza kuwa maandishi. Kanisa la Roma lilipourudisha mkesha wa Pasaka usiku, mwaka 1951, iliwekwa desturi ya kuchora katika mshumaa mkubwa msalaba, herufi Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka ule. Hivyo hata kipande kilichobaki sanduku la sakristia, kama tarakimu hazijaungua, chaweza kusema umri wake. Mshumaa laini hausemi kitu.

Hilo ndilo nililotaka kusema. Nta ikitoka kwetu bila alama, hakuna atakayejua kwamba ilipita mikononi mwetu. Nawaomba wasomaji wa sehemu nyingine watuandikie majina ya nakshi za vibuyu, vyungu na mikeka ya kwao, maana wazee wanaoyajua wanapungua, na jina likisha kupotea, nakshi yenyewe haikawii kulifuata.