Umra Omar na njia ya vijana wa Lamu kuingia katika taaluma za afya

UMRA Omar ni mwanaharakati wa afya ya jamii mwenye asili ya kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, na mwanzilishi wa shirika la Safari Doctors, linalopeleka matibabu ya bure katika vijiji vya mbali vya mwambao huo. Anafahamika pia kwa kuwahimiza vijana wa visiwani wawe wahudumu wa afya wa jamii zao wenyewe.

Umra si daktari. Alisomea taaluma ya ubongo pamoja na saikolojia katika Chuo cha Oberlin, Marekani, kabla ya kurejea nyumbani.

Hali aliyoikuta ilikuwa ngumu. Kaunti ya Lamu, iliyokuwa na wakazi 143,920 katika sensa ya mwaka 2019, imetawanyika visiwani na bara hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Hospitali kubwa ya King Fahd iko mjini Lamu. Mgonjwa wa Kiwayu au Ndau hana budi kusafiri baharini ili kuifikia, na nauli ya mashua humshinda maskini.

Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab kuongezeka mwaka 2014, shule na zahanati za wadi ya Basuba, makazi ya jamii ya Waboni, zilifungwa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni katika msitu huo. Hivyo mtoto wa Basuba alikosa kwa wakati mmoja muuguzi wa kumtibu na mwalimu wa kumwandaa awe muuguzi.

Safari Doctors ilianza kazi katika kipindi hicho. Wauguzi wake husafiri kwa jahazi, gari na wakati mwingine ndege, wakichanja watoto, kuwahudumia waja wazito na kutibu maradhi kama malaria. Kwa kazi hiyo, Umra aliteuliwa miongoni mwa mashujaa 10 bora wa CNN mwaka 2016, na mwaka 2017 Umoja wa Mataifa nchini Kenya ulimtangaza kuwa Mtu wa Mwaka.

Hata hivyo, jahazi huondoka na mgonjwa hubaki. Kwa sababu hiyo shirika lilianzisha mpango wa vijana mabalozi wa afya, ambao hufunzwa masuala ya afya na kuyafikisha vijijini mwao. Faida yake ni bayana: kijana wa Kizingitini au Siyu huzungumza lahaja ya wenyeji, anazijua mila zao, na haondoki msafara unapokwisha.

Kutoka hapo hadi taaluma kamili bado kuna kizingiti. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu Kenya (KMTC), kilichoanzishwa mwaka 1927, kina tawi Lamu, lakini anayetaka stashahada ya uuguzi lazima apate wastani wa alama ya C katika mtihani wa KCSE, na C katika Biolojia. Alama hizo ni vigumu kuzipata pale ambapo shule imefungwa au haina mwalimu wa sayansi.

Mwaka 2022 Umra aliwania ugavana wa Lamu bila kufaulu. Kiti hicho kilitwaliwa na Issa Timamy.