Wimbo Uliofungua Njia ya Usemi

Mwaka 1745, mwandishi wa Sweden Olof Dalin alichapisha habari za mtoto wa mkulima aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi. Alibaki na neno moja tu: "ndiyo". Lakini akianzishiwa wimbo wa ibada aliokuwa akiujua kabla ya kuugua, aliuimba kwa maneno yaliyosikika wazi kabisa.

Mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alionyesha kuwa usemi hupotea sehemu ya mbele ya ubongo inapoumia, na mwaka 1865 akaeleza kuwa ni hasa upande wa kushoto. Hata hivyo, tiba haikupatikana upesi. Mgonjwa angeweza kuimba wimbo mzima, kisha akashindwa kuomba maji.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, hospitali za Marekani zilipojaa askari majeruhi, tiba ya muziki ilianza kuwa taaluma ya kusomewa chuoni. Ndipo mwaka 1973, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, wa hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Boston, walipotangaza njia mpya ya kurudisha usemi. Waliacha nyimbo za zamani, wakazitia sauti ya wimbo sentensi za kila siku.

Tuchukue "nataka maji". Mtaalamu huiimba polepole kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku akiugonga mkono wa kushoto wa mgonjwa kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji. Mgonjwa huimba pamoja naye. Taratibu mtaalamu hunyamaza, mgonjwa humalizia peke yake, na mwishowe wimbo hupunguzwa hadi sentensi isemwe kawaida.

Njia hii haimfai kila mgonjwa, na wanasayansi bado wanabishana kama nguvu yake imo katika sauti au katika mapigo. Lakini Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi ya kichwa Januari 2011, alisaidiwa na tiba ya muziki katika safari ndefu ya kurudisha usemi wake.

Kwetu, mgonjwa akipoteza usemi kwa kiharusi, watu huanza kumsemea, na wengine humsengenya mbele yake wakidhani haelewi. Huko ni kumwonea. Wengi wa wagonjwa hawa wanaelewa vizuri. Kilichokwama ni kutoa maneno. Familia isikate tamaa: iulizie hospitalini mapema tiba ya usemi, na nyumbani imwimbishe mgonjwa wake.