Jua la 2027, jiwe la 2029: miadi ya wanaastronomia na nafasi kwa vijana wetu

Kila tunapogusia mambo ya anga katika vipindi vyetu, maswali yanayoingia kwa simu huwa ya aina mbili. Wazee huuliza kama kuna lolote la kuonekana angani miaka hii. Wanafunzi na wazazi wao huuliza jambo jingine: mtu anaweza kweli kula kwa kazi ya kutazama nyota, na anaanzia wapi?

Tumeamua kuyajibu yote mawili mahali pamoja, maana majibu yake yanashikana. Kazi ya mwanaastronomia huenda kwa tarehe. Matukio makubwa ya anga hujulikana miaka mingi kabla, wataalamu hujipanga kuyafuata, na katika kujipanga huko ndipo hufunguka nafasi za mafunzo, za safari na za ajira. Mwaka 2027 na mwaka 2029 ina tarehe mbili zinazogusa upande wetu wa dunia.

Kwanza tuliweke sawa jina. Astronomia, ambayo wengine huiita falaki au elimu ya nyota, si unajimu. Mnajimu hukutabiria mambo yako kwa nyota uliyozaliwa nayo. Mwanaastronomia hapigi ramli. Anapima umbali, joto, mwendo na umri wa vitu vilivyoko angani. Wala hakeshi na jicho kwenye darubini kama wengi tunavyodhani. Darubini nyingi kubwa siku hizi huongozwa na kompyuta, vipimo vyake husafirishwa kwa intaneti, na sehemu kubwa ya kazi ni kukaa na tarakimu nyingi mno hadi zitoe jibu.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027

Siku hiyo jua litapatwa lote. Kivuli cha mwezi kitaanzia bahari ya Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, kishuke Afrika Kaskazini hadi Misri, kivuke Bahari ya Shamu kwenda Saudi Arabia ambako miji ya Jedda na Makka imo njiani, kisha Yemen na pembe ya kaskazini mashariki ya Somalia kabla ya kuishia Bahari ya Hindi. Karibu na mji wa Luxor nchini Misri, giza la mchana litadumu dakika 6 na sekunde 23. Hakutakuwa na kupatwa kwa jua kirefu kuliko hicho hadi mwaka 2114, kwa hiyo wengi wanaosoma hapa hawatakuta kingine.

Kwetu Kenya, Uganda na Tanzania jua litamegwa tu, halitafunikwa lote. Kadiri unavyokaa kaskazini ndivyo kipande kitakachomegwa kitakavyokuwa kikubwa. Waliokuwa Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipobaki pete ya moto, wanajua shughuli zinavyosimama mchana kweupe. Waliokuwa Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013 wanayo pia ya kusimulia.

Kwa nini wataalamu wasafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya dakika sita? Kwa sababu jua lina tabaka la nje linaloitwa korona, ambalo kwa kawaida hatulioni kwa ukali wa mwanga wa jua lenyewe. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, lakini korona, iliyo mbali zaidi na kiini cha moto, hupita nyuzi milioni moja. Ni kama usogee mbali na jiko halafu uungue zaidi. Sababu kamili bado inatafutwa, na mwezi unapolifunika jua lote ndipo korona inapojitokeza vizuri kwa wapimaji walioko ardhini.

Tusipite hapa bila kusema la macho. Usilitazame jua linalopatwa kwa miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi wala kwenye beseni la maji. Jicho linaungua bila kuuma, na likishaungua huenda lisipone. Kuna miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua. Usipoipata, toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyingine. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani itachora vijua vilivyomegwa ardhini. Watoto hupenda hilo kuliko miwani.

Afrika ya Mashariki imeshawahi kuwa njiani

Tarehe 29 Mei 1919 mwezi ulilifunika jua, na Mwingereza Arthur Eddington akaenda kupima kutoka kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika. Vipimo vyake, pamoja na vya wenzake waliokuwa Brazil, vilionyesha kwamba mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua, kama Albert Einstein alivyokuwa amesema. Kivuli hichohicho kilivuka Kongo kikafika Tanganyika. Mwaka 1973, tarehe 30 Juni, wataalamu walipiga kambi kwenye joto na upepo wa ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kusubiri kupatwa kwingine.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na mji huo, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kupima mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ikapewa jina la Uhuru, na mpaka leo jina hilo limo katika vitabu vya fani hiyo kote ulimwenguni. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa la kwetu na bahari ilikuwa ya kwetu. Wataalamu walitoka Marekani na Italia. Tunalitaja hili bila kinyongo, ila ni vizuri kijana ajue kwamba tukio kupita juu ya paa la nyumba yake halimfanyi mshiriki. Anayeshiriki ni aliyesomea.

Senegali inaonyesha hali inavyoweza kuwa tofauti. Agosti 2018 Marekani ilituma wataalamu huko kupima kivuli cha jiwe la mbali sana angani, linaloitwa Arrokoth, lilipopita mbele ya nyota. Wanasayansi wa Senegali walikuwa nao kwenye darubini, usiku huohuo, kwa kazi ileile. Vipimo vya aina hiyo vilisaidia chombo cha New Horizons kulipita jiwe hilo tarehe 1 Januari 2019.

Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029

Hii ndiyo tarehe tunayowaomba muiandike ukutani. Asteroidi iitwayo Apophis, jiwe lenye upana wa mita 340 hivi, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa kwa urefu, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini. Setilaiti zinazoleta televisheni kwenye ungo wa nyumbani kwako ziko juu zaidi ya hapo, kama kilomita 36,000.

Haitatugonga. Ilipogunduliwa mwaka 2004 palikuwa na hofu, lakini baada ya vipimo vya rada vya mwaka 2021 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba hakuna hatari ya kugonga dunia kwa miaka mia moja angalau. Ukitumiwa ujumbe wa mwisho wa dunia kwenye simu mwezi huo, usiusambaze.

Apophis itavuka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi, ipite juu ya Afrika, na ifike karibu zaidi na dunia ikiwa juu ya Atlantiki, saa sita na robo tatu usiku hivi kwa saa zetu. Itaonekana kwa macho matupu kama nyota ya kawaida, isipokuwa nyota hiyo itakuwa inatembea. Shida yetu ni moja: Aprili ni masika sehemu nyingi za ukanda huu, na mawingu hayana miadi na mtu. Wenye makao kwenye nyanda kavu wana bahati kuliko wa pwani.

Kwa wanaastronomia ni nafasi isiyokuwa na mfano, kwa sababu mvuto wa dunia unaweza kulitikisa na kuligeuza jiwe lenyewe huku wakitazama. Chombo cha Marekani, OSIRIS-APEX, kimeelekezwa huko; ndicho kile kilicholeta mchanga wa asteroidi Bennu duniani mwaka 2023. Shirika la Anga za Juu la Ulaya linaandaa chombo kingine, Ramses. Nao Umoja wa Mataifa umeutangaza 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuelimisha watu juu ya asteroidi.

Milango iko wapi

Mlango mkubwa kuliko yote barani uko Afrika Kusini. Katika nyika ya Karoo inajengwa darubini ya redio iitwayo SKA, itakayokuwa na masahani 197, yakiwemo 64 ya MeerKAT yaliyozinduliwa mwaka 2018. Upande wake wa pili uko Australia. Darubini ya redio haitazami, inasikiliza: hupokea mawimbi kutoka angani kama redio yako inavyopokea yetu, ila yale ni dhaifu mno, ndiyo maana imewekwa mbali na minara ya simu. Nchi nane za Afrika ni washirika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Taasisi ya astronomia ya redio ya Afrika Kusini, SARAO, imekuwa ikitoa ufadhili wa masomo, na raia wa nchi hizo wamo. Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha, na Mtanzania au Mganda anayeomba asome masharti hadi mwisho kabla ya kujipa matumaini.

Mpango wa NASSP, wenye makao Chuo Kikuu cha Cape Town, umekuwa ukipokea tangu mwaka 2003 wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika wenye shahada ya kwanza ya fizikia au hisabati na kuwafikisha uzamili. Karibu zaidi nasi kuna Ethiopia, ambako kwenye mlima Entoto juu ya Addis Ababa kuna darubini mbili zenye vioo vya mita moja, na ndiko iliko ofisi ya Afrika Mashariki ya kukuza astronomia kwa maendeleo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya kwanza ya astronomia na fizikia ya nyota.

Kwa waliokwisha kuwa wataalamu, mkutano mkuu ni wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioundwa mwaka huohuo wa 1919. Hukutana kila baada ya miaka mitatu. Agosti 2024 ulikutana Cape Town, mara ya kwanza kabisa Afrika. Unaofuata ni Roma, Italia, Agosti 2027, mwezi uleule wa jua la Luxor. Umoja huo hutoa misaada ya nauli kwa baadhi ya washiriki, na huendesha shule ya muda kwa wanaastronomia chipukizi tangu mwaka 1967. Ofisi yake ya maendeleo iliyoko Cape Town huita maombi ya miradi, hata ile ya kufundishia watoto wa vijijini. Walimu, hiyo inawahusu.

Kwa mzazi mwenye mtoto kidato cha pili, jambo kubwa liko karibu zaidi ya Roma na Karoo. Ni siku ya kuchagua masomo. Mwanafunzi akiiacha fizikia kidato cha tatu, karibu milango yote tuliyoitaja inafungwa hapohapo, na kuirudia baadaye ni kazi ngumu. Hisabati na fizikia ndizo ufunguo. Kompyuta inafuata, hasa kuandika programu. Binti au kijana atakayemaliza shule mwaka 2027 anaweza kuwa chuoni Apophis inapopita.

Hatutaki kumpamba mtu. Ajira za astronomia yenyewe ni chache, hata Ulaya. Wengi waliosomea huishia kwenye takwimu, mawasiliano ya setilaiti, utabiri wa hali ya hewa, benki na kampuni za simu, kwa sababu ujuzi wa kuchambua tarakimu unahitajika kote huko. Na darubini kubwa zinahitaji pia mafundi umeme, mafundi mitambo na wa mitandao, ambao hawahitaji uzamivu.

La mwisho ni la matapeli. Palipo na neno ufadhili, wao hawako mbali. Vyuo vingine hutoza ada halali ya maombi, lakini hulipwa kwa akaunti ya chuo. Ukiambiwa utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu ili jina lako liingizwe, kata simu. Fungua tovuti ya taasisi yenyewe, angalia tarehe ya mwisho ya maombi, na kama intaneti inasumbua kijijini, peleka jina la taasisi kwa mwalimu wa fizikia au maktaba ya wilaya wakusaidie kutafuta. Nafasi nyingi za masomo Afrika Kusini huombwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza, na huko mwaka wa masomo huanza kati ya Januari na Februari.