Kupokezana na Kuoanisha

Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, kando ya njia itokayo Karatu, lipo kaburi la Michael Grzimek, aliyefariki katika ajali ya ndege mwezi Januari 1959. Filamu ya Serengeti aliyoitengeneza pamoja na baba yake, Bernhard, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Watengenezaji wanakumbukwa, mwendesha projekta hatajwi, na istilahi za kazi yake huchanganywa.

Filamu ya milimita 35 ilifika senema ikiwa imegawanywa katika rili, kila moja ya dakika zipatazo 20. Projekta zilikuwa mbili. Alama ndogo ilipotokea juu ya picha, kuliani, mwendeshaji aliiwasha ya pili. Alama ilipotokea tena, aliifungulia nuru na kuiziba ile ya kwanza. Projekta hizo, basi, zilipokezana.

Kuna jambo jingine. Huko Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, zilitengenezwa filamu za elimu kwa Waafrika ambazo sauti zake zilikuwa katika santuri. Sindano ikiruka, maneno huiacha picha. Hapa kazi ni kuoanisha.

Tukisema "kusawazisha" kwa yote mawili, mwanafunzi ataonyesha rili mbili kwa pamoja, na picha moja itaangukia nyingine. Kwa hiyo twapendekeza maneno mawili, nayo tunayo tayari: projekta hupokezana, picha na sauti huoanishwa.