JKT na Soka la Ruvu: Historia Fupi

Ukitoka Kwa Mathias, Kibaha, ukafuata Barabara ya Morogoro, ukaipita Visiga, unafika Mlandizi. Hapo ndipo ulipo Uwanja wa Mabatini. Ni uwanja mdogo, nyumbani kwa Ruvu Shooting, lakini kuna misimu ambayo Mkoa wa Pwani ulikuwa na timu mbili katika Ligi Kuu kwa wakati mmoja, Ruvu Shooting na JKT Ruvu, na zote mbili zilitoka katika nyumba moja: Jeshi la Kujenga Taifa.

JKT ilizaliwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru. Kazi zake zilikuwa malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Mwaka 1966, serikali ilipotaka wasomi nao wapite huko kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka 1975 JKT ikaunganishwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa 1994, yakarejeshwa 2013, na tangu hapo vijana wanaomaliza kidato cha sita hupangiwa makambi, mojawapo likiwa Ruvu, yaani kikosi cha 832 KJ. Kwa hiyo hata asiyejua lolote kuhusu mpira anaweza kuwa na mwanawe aliyekimbia mchakamchaka Ruvu.

Soka lilikuwa sehemu ya malezi hayo. Timu ya jeshi ina utaratibu wake: ndani yake wamo askari, wamo na raia wanaocheza kwa matumaini ya ajira. Jambo hilo nadhani ndilo lililozifanya timu za Ruvu ziwe ngumu kufa. Ruvu Shooting ilishuka daraja msimu wa 2014/15. Mwaka uliofuata ilirudi, na katika msimu wake wa kwanza baada ya kurudi, 2016/17, mshambuliaji wake Abdulrahman Mussa alifunga mabao 14, akalingana na Simon Msuva wa Yanga kileleni mwa orodha ya wafungaji. Timu iliyotoka daraja la chini ikatoa mfungaji bora wa nchi! Kabla ya hapo Elius Maguri alikuwa ameng'ara hapohapo Ruvu, Simba wakamchukua mwaka 2014.

Msimu huohuo wa 2016/17 ndugu yao JKT Ruvu alishuka. Kocha Bakari Shime akabaki na kikosi, timu ikabadilishwa jina kuwa JKT Tanzania, na mwaka 2018 ikapanda tena. Kinamama nao hawakulala. Mlandizi Queens walitwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2016/17, kisha JKT Queens wakauchukua mara mbili mfululizo. Mji mdogo wa kando ya barabara kuu ukawa na bingwa wa taifa, na sidhani kama heshima hiyo imewahi kusherehekewa inavyostahili.

Kwa hiyo kujenga timu upya, Ruvu wanakujua. Wamekufanya mara kadhaa, na mara mbili kwa msimu mmoja tu. Uwanja ni habari nyingine. Kukarabati uwanja kunaonekana kazi nyepesi: fedha ikipatikana, mkandarasi akaingia, nyasi zikaoteshwa, mifereji ya maji ikachimbwa, vyumba vya kubadilishia nguo vikajengwa, kazi imekwisha. Mchezaji anaumia, anauzwa, anazeeka. Jukwaa la saruji halihami. Lakini kwa timu ndogo fedha yenyewe hutoka mlangoni, na mlango wa Mabatini haujazi.

Hapo ndipo mechi zilipoanza kuhama. Novemba 2021 Ruvu Shooting "waliwakaribisha" Simba kwenye Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Mei 2022 wakacheza na Yanga kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, wakatoka sare ya bila kufungana. Hiyo ilikuwa mechi ya nyumbani! Kijana wa Visiga aliyetaka kuiona timu yake ikiwabana Yanga angelazimika kuvuka nchi nzima hadi ziwani. Ninaelewa hesabu ya viingilio, ila sikubaliani nayo. Msimu uliofuata, 2022/23, Ruvu Shooting ilishuka daraja, na hadi naandika haya haijarudi Ligi Kuu.

JKT Tanzania ilikuwa imelionja hilo mapema. Mwaka 2020 ilihamia Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na mwisho wa msimu huo, 2021, ikashuka. Sisemi kwamba kuhama peke yake kunaishusha timu. JKT Ruvu ilishuka 2017 bila kwenda Dodoma. Simba na Yanga nao walitangatanga pale Uwanja wa Mkapa, wenye viti 60,000, ulipoingia katika ukarabati mwaka 2023, na hawakushuka. Lakini hao wana mashabiki kila mkoa. Timu ya Ruvu ina watu wake Mlandizi, Visiga na Kibaha, na ikiwaacha hao haina wengine wa kuwakimbilia.

Mwaka 2023 ndio unaobeba historia hii yote. JKT ilitimiza miaka 60. Mwaka huohuo Ruvu Shooting ikashuka, JKT Tanzania ikapanda, na JKT Queens wakarudisha ubingwa. JKT Tanzania ikarudi kwenye uwanja wa jeshi lenyewe, wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni. Aprili 2024 mvua iliujaza maji hadi mechi yao na Yanga ikaahirishwa kwa siku moja. Ilipochezwa iliisha 0-0. Februari 2025 Yanga walirudi hapohapo, wakaondoka tena na 0-0. Mwenyeji anayeijua nyasi yake hafungwi kirahisi.

Mbweni ni Dar es Salaam, nami nayafurahia mafanikio ya timu hiyo. Ila historia hii ilianzia Ruvu. Rai yangu kwa JKT, kwa halmashauri na kwa wafanyabiashara wa Kibaha ni moja: Mabatini ikarabatiwe sasa, Ruvu Shooting ikiwa chini, ili siku timu itakapopanda isihitaji kupanda basi kwenda kucheza nyumbani.