NJIA YA BIBI ZUBEDA: MAJI KATIKA SAFARI YA HIJA



Mwenyezi Mungu amemwamrisha Nabii Ibrahim (A.S.), katika Sura ya Hajj, awatangazie watu Hija, na akamuahidi kwamba watamjia: wengine kwa miguu yao, wengine juu ya wanyama waliokondeshwa na safari, kutoka pande zote za mbali. Tazama jinsi waendao kwa miguu walivyotajwa mwanzo, kabla ya waliopanda. Na tazama pia kwamba mnyama mwenyewe ametajwa kuwa amekonda. Hii ni dalili ya urefu wa njia na uzito wake.

Leo mtu huondoka Mombasa, au Dar es Salaam, au Unguja, akafika Jidda baada ya saa chache za ndege, na maji ya kunywa huletewa pale alipokaa. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakingoja kusi ishike, kisha wakapanda jahazi kuelekea kaskazini, na shida zao zilikuwa za bahari. Lakini wako ndugu zetu wengine, watu wa Iraq, na Khurasan, na nchi za nyuma yake, ambao njia yao ilikuwa jangwa. Hao ndio tunaotaka kuwataja hapa, wao na yule bibi aliyewafanyia wema ambao watu wameutaja kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili.

BIBI HUYU NI NANI?

Bibi Zubeda ni binti wa Jaafar, na Jaafar ni mtoto wa Khalifa Abu Jaafar al-Mansur aliyeujenga mji wa Baghdad. Mumewe ni Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 mpaka mwaka 809. Jina "Zubeda" si jina lake la kuzaliwa. Ni jina alilopewa na babu yake kwa mapenzi alipokuwa mtoto. Basi alikuwa mjukuu wa khalifa, mke wa khalifa, na mama wa khalifa, kwa kuwa mwanawe al-Amin naye alitawala. Mtoto huyo aliuawa mwaka 813 katika vita baina yake na nduguye al-Maamun, na mama yake akaishi miaka 18 baada ya msiba ule, mpaka alipofariki mwaka 831.

Mwanamke wa namna hii hakukosa chochote cha dunia. Lakini alipokwenda kuhiji aliona jambo ambalo mali haikumziba macho asilione: mahujaji na watu wa Makka walikuwa na kiu. Wanahistoria wamesimulia kuwa kiriba kimoja cha maji kilifika kuuzwa dinari nzima ya dhahabu. Mwenye dinari alikunywa, na asiyekuwa nayo alimwachia Mungu. Bibi akaamrisha maji yaletwe Makka kutoka mbali, yapitishwe chini ya majabali na mabonde. Yasimuliwa kuwa msimamizi wake alimtahadharisha kuwa gharama itakuwa kubwa mno, naye akamjibu kuwa afanye kazi hiyo hata kama kila pigo la sururu litagharimu dinari moja. Mifereji ile ndiyo iitwayo Ain Zubeda mpaka leo, na moja katika asili zake ni Wadi Nuuman, upande wa Arafa. Wanahistoria wa zamani wametaja kuwa gharama yake ilifika dinari 1,700,000.

NJIA YENYEWE

Njia kubwa ya jangwani ilianzia mji wa al-Kufa, nchi ya Iraq, ikaishia Makka. Urefu wake wapita kilomita 1,300. Haikuanzwa na Bibi Zubeda. Khalifa wa kwanza wa Bani Abbas alikwisha amrisha kuwekwa alama za maili na minara ya kuwashia moto, na Khalifa al-Mahdi baada yake akaamrisha visima na birika na nyumba za kupumzikia. Lakini Bibi Zubeda ndiye aliyeongeza na kutengeneza kwa mali yake na kwa juhudi yake, hata njia yote ikaitwa kwa jina lake: Darb Zubeda.

Vilikuwako vituo 54: 27 vikubwa na 27 vidogo vya kupumzikia baina yake. Penye mawe, mawe yaliondolewa yakapangwa pembeni yawe ukingo. Penye mchanga mwororo, mahali pengine palitandikwa mawe ili miguu isizame. Na maili zilisimamishwa kwa mawe yaliyochorwa maandishi, ili msafiri ajue amekwenda kiasi gani na amebakiwa na kiasi gani.

Ama birika zake, hizo ni ajabu ya akili na huruma pamoja. Katika nchi ile mvua hunyesha siku chache, na maji hupita kwa nguvu katika mabonde kisha yakapotea mchangani. Basi mafundi walijenga kuta za kuyazuia na kuyageuza, yakaingia kwanza katika birika ndogo ili tope litulie chini, ndipo yakamwagika katika birika kubwa yakiwa safi. Birika nyingine zilikuwa za mraba na nyingine za duara, zimepakwa chokaa, na zina ngazi za kuteremkia, ili maji yakipungua mtu aweze kuyafuata chini bila ya kuanguka. Aliyefikiri juu ya ngazi hizo alimfikiria mzee, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mtu aliyechoka.

Katika vituo hivyo kimoja ni al-Rabadha. Hapo ndipo alipofariki Sahaba Abu Dharr al-Ghifari (R.A.) mwaka 32 Hijria, naye ndiye aliyejulikana kwa kuwakemea wenye kulimbikiza mali. Tangu mwaka 1979 wataalamu wa chuo kikuu cha Riyadh walipachimbua mahali hapo, wakaona nyumba, na misikiti, na birika kubwa ya duara. Fikiri, ndugu msomaji: mahali alipofia fakiri yule mwenye zuhudi ndipo walipokuja kunywa maji maelfu ya wasafiri.

ALIYOYAONA IBN JUBAYR

Miongoni mwa waliotuandikia habari za njia hii ni Ibn Jubayr, karani wa Andalus, aliyetoka Granada mwaka 1183. Alivuka bahari ya Sham kwa merikebu, kisha Misri, kisha akavuka bahari ya Hijazi kwa vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, bila ya msumari hata mmoja. Mtu wa pwani yetu asomapo hayo hukumbuka mitepe ya wazee wetu. Alikaa Makka zaidi ya miezi minane, akahiji, na mwaka 1184 akafuatana na msafara wa Iraq, wakapitia Madina, kisha wakaingia katika njia ya Bibi Zubeda.

Msafara ule, asema, ulikuwa mkubwa hata mtu akitoka kwa haja yake na hakuweka alama, hakuweza kurudi kwa wenziwe. Aliyepotea alikwenda kwenye hema ya Amiri wa Hija, na Amiri akamwamrisha mpiga mbiu ampakie juu ya ngamia wake, azunguke naye akilitaja jina lake, na jina la mwenye ngamia wake, na mji wake, mpaka apatikane mtu wake. Safari iliondoka kwa kupigwa ngoma. Usiku walikwenda kwa mienge, jangwa likang'aa kama mchana.

Lakini hakuficha shida. Walipofika kituo cha al-Thaalabiyya watu walisongamana juu ya maji kama jeshi linalovamia ngome, hata watu 7 wakafa katika msukumano huo. Na hapo maji yalikuwapo! Basi yangekosekana ingekuwaje? Ibn Jubayr mwenyewe amekiri kuwa lau si athari za bibi yule, njia ile isingepitika. Na yeye alipita hapo zaidi ya miaka 350 baada ya bibi kufariki.

ALIYOYAONA IBN BATTUTA

Baadaye akaja Ibn Battuta, kijana wa Tangier aliyetoka kwao mwaka 1325. Baada ya Hija yake ya kwanza, mwaka 1326, naye alifuatana na msafara wa Iraq. Ameeleza kuwa walikuwako ngamia maalumu wa kubeba maji ya mafakiri, na ngamia wengine wa kubeba chakula cha sadaka, na dawa, na sukari kwa mwenye kuugua. Msafara ulipotua, chakula kilipikwa katika masufuria makubwa ya shaba, akapewa asiyekuwa na kitu. Walipofika Fayd, mji wenye ngome ulio katikati ya njia, waliingia wamejipanga kama watu wa vita ili kuwatisha wanyang'anyi. Na katika mji huo mahujaji walikuwa wakiacha sehemu ya vyakula vyao wanapokwenda, wakavikuta salama wanaporudi. Hiyo ndiyo amana!

Mtu huyu huyu alikuja kwetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Na baada ya kuona birika zote zile, aliona nini Mombasa kilichomfanya akiandike? Aliona kwamba mlangoni mwa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili vifupi, na kata ya mti yenye mpini ya kutekea maji, na jamvi nene la kufutia miguu baada ya kuiosha. Wazee wetu hawakuwa makhalifa wala hawakuwa na dinari milioni. Walichimba kisima cha dhiraa mbili, wakaweka kata. Na msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake akaona kuwa jambo hilo lastahili kutajwa katika kitabu.

KWA NINI NJIA ILIKUFA?

Njia ile haikufa kwa kukosa mjenzi. Kwanza iliingiwa na hofu: mwaka 906 na tena mwaka 924 Makarmati waliwavamia mahujaji njiani, wakaua na kupora. Kisha dola ya Baghdad ikadhoofika, na mwaka 1258 Wamongoli wakauteka mji na kumwua Khalifa. Misafara iliendelea mara na kukatika mara, lakini wa kufukua mchanga, na wa kupaka chokaa, na wa kuziba nyufa, wakawa hawapo. Na birika ni kitu kisichosubiri. Mwaka huu lisipofukuliwa, mwakani tope hufika nusu, na mwaka wa tatu ngamia hupita juu yake. Zilizosalia leo ni magofu, ingawa chache bado hushika maji mvua inaponyesha.

Ain Zubeda, kinyume chake, iliendelea kuwanywesha watu wa Makka karne kwa karne, kwa sababu kila ilipoziba alipatikana mtu wa kuizibua. Katika karne ya 16 aliyeitengeneza ni mwanamke mwengine, Mihrimah, binti wa Sultan Suleiman. Basi tofauti baina ya maji yaliyobaki na maji yaliyopotea si wingi wa dinari za mwanzo. Ni mtu wa pili, na wa tatu, na wa kumi.

MAFUNZO YAKE

Ndugu zangu, katika habari hii mna mambo matatu ya kuyashika.

La kwanza ni nia. Imamu Ghazali katika Ihyaa amesimulia kuwa Bibi Zubeda alionekana katika ndoto baada ya kufa kwake, akaulizwa Mwenyezi Mungu amemtendea nini. Akajibu kuwa amesamehewa. Akaulizwa kama ni kwa mali aliyoitoa katika njia ya Makka. Akasema la, thawabu za mali zile zimewarudia wenyewe mali, na yeye amesamehewa kwa nia yake. Maneno haya yatutetemeshe! Fedha za ikulu ni jasho la wakulima na wafanya biashara, na kila shilingi ina mwenyewe. Atoaye ajiulize kwanza ametoa ya nani.

La pili ni hesabu. Yasimuliwa pia kuwa mifereji ilipokwisha, wasimamizi walimletea bibi daftari za matumizi, naye akazitupa mtoni, akasema hesabu ameiachia Siku ya Hesabu. Hilo ni zuri kwake, kwa kuwa alikuwa mtoaji. Lakini wako watu wanaoshika amana za misikiti na wakfu, si mali yao, nao wakiombwa hesabu hujibu kama Bibi Zubeda. Hao si watoaji, ni wawekwa amana. Mwenye kushika amana yampasa alete daftari ikiwa kavu, isomwe mbele ya watu.

La tatu ni kutunza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali yake hukatika ila katika mambo matatu, na moja ni sadaka yenye kuendelea. Twapenda sana kujenga kipya, kwa sababu kipya huandikwa jina. Lakini ni misikiti mingapi ya pwani yetu ambayo birika yake imepasuka, na kisima chake kimeingia taka, na nyumba ya wakfu iliyowekwa kwa ajili ya mafuta na majamvi imeanguka dari? Aliyeweka wakfu yule yuko kaburini angojea. Mwenye kuizibua birika ile hatachorwa jina lake ukutani, naye atashirikiana thawabu na aliyeijenga.

Basi kila nyumba yetu ijiulize: msikiti ulio karibu nasi, maji yake yako namna gani? Na tusingoje tajiri. Kufukua tope ni kazi ya mikono, na mikono kila mtu anayo. Vijana kumi katika asubuhi moja ya Ijumaa waweza kuirudisha sadaka ya mtu aliyekufa miaka mia iliyopita.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Zubeda, awarehemu waliochimba kwa mikono yao na ambao majina yao hayakuandikwa, awarehemu waliofia njiani wakiitika wito Wake, na atuwafikishe sisi kuyatunza tuliyoachiwa. Amin.